Mama Mkwe Nyuma, Upepo Mbele

Alhamisi, alasiri. Tabora, nje ya hospitali.

Jua lipo lakini halifanyi kazi. Upepo wa kipupwe umeshika zamu tangu alfajiri na hauoneshi dalili ya kumpisha mtu. Nimekaa kwenye benchi, nikainuka, nikaenda hadi ukutani, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Nesi mmoja amepita akaniambia, "Baba, utachimba mtaro hapo." Nikakaa. Ndiyo maana naandika, angalau mikono ipate cha kushika.

Milembe, mke wangu, yumo ndani. Mama yake yumo naye. Mimi ndiye niliyeachwa nje, na nusu ya mwili wangu bado iko njiani kutoka Bukene: vidole havijarudi, masikio yanavuma, na nikifumba macho naiona barabara inanijia.

Ngoja nianze na juzi, nisije nikajichanganya mwenyewe.

Juzi Bi Zuhura, mkunga wa mtaani kwetu Ipuli, alimpapasa Milembe tumboni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Hii ni mimba ya kwanza, na tumbo limekuwa kubwa hata majirani wakawa wanalisalimia kwanza kabla ya kumsalimia mwenyewe. Bi Zuhura akaniita nje. Akasema kichwa cha mtoto anakipata ubavuni, mahali ambapo hakitakiwi kuwa, na kwamba yeye hathubutu. "Mpeleke hospitali, mwanangu, kabla uchungu haujaanza. Mikono yangu hii naijua mwisho wake."

Milembe akakataa.

Dada yake mkubwa alipelekwa hospitali kujifungua, Milembe akiwa bado msichana mdogo, na hakurudi. Tangu hapo, kwa Milembe, hospitali ina mlango wa kuingilia tu. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikambembeleza tena. Mwishowe akageukia ukutani na kusema, "Mama aje. Mama akisema niende, nitakwenda." Nikajua hapo nimefika mwisho wa uanaume wangu, kwa maana mke wangu akishageukia ukuta hata kadhi hamgeuzi.

Mama yake yuko Bukene. Treni ya kuja Tabora ilikwishapita, na kungoja nyingine ni kucheza kamari na tumbo la mtu.

Ilibaki pikipiki.

Mimi ni fundi wa baiskeli, na hiyo pikipiki niliiokota ikiwa vyuma vya jeshi vilivyotupwa baada ya vita, nikaiunga kipande kwa kipande. Inakwenda. Taa yake ya mbele ni pambo tu, na breki ya nyuma inafanya kazi ikipenda, lakini inakwenda. Wasiwasi wangu haukuwa chombo. Wasiwasi wangu ulikuwa baridi, tena baridi ya asubuhi za mwezi huu, na mtu ambaye ningepaswa kumpakia nyuma yangu.

Kuhusu baridi, niliondoka jana kabla ya jua nikiwa nimejiandaa. Watu husema Tabora ni nchi ya joto. Hao hawajapanda pikipiki wakati wa kipupwe. Baridi ya pikipiki haitoki angani, inatoka kwenye mwendo. Ukisimama uko salama. Ukiondoka tu, upepo unaingilia mikono ya shati na kutokea shingoni, na ukifika mwendo wa wastani unajiona umevaa matundu matupu. Kwa hiyo kazi si kuvaa nguo nyingi. Kazi ni kuziba.

Nilianza na gazeti. Nililitandaza kifuani chini ya shati, kurasa zote, na ukurasa wa juu ulikuwa na picha ya Gavana kavaa ile kofia yake ya manyoya. Akanikinga upepo kutoka Tabora hadi Bukene. Sikumbuki serikali kunifanyia jambo lingine la maana kama hilo. Juu yake nikavaa koti zito la jeshi alilorudi nalo mjomba wangu kutoka Burma, nikalivaa kinyumenyume, mgongo wa koti kifuani na vifungo mgongoni, maana vifungo vikiwa mbele upepo hupita katikati yake. Milembe ndiye aliyenifunga. Alifunga kimya, kimoja kimoja, tumbo lake likigusa mgongo wangu, na nikahisi teke.

Mikononi nilivaa soksi. Vifundoni na kwenye viwiko vya mikono nikabana kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, usikaze sana, ukikaza vidole vinakufa ganzi. Mbele ya usukani nilikuwa nimefunga nusu mbili za debe la mafuta ya taa, kila mkono na kibanda chake. Usoni nikajipaka samli ili midomo isipasuke. Ukiniona ungesema kinyago kimetoroka ngomani, na harufu yangu ilikuwa ya jikoni. Mbwa wa kila kijiji walinisindikiza.

Pamoja na yote hayo baridi ilinipata. Upepo wa mashariki ulinishika sikio la kulia njia nzima. Nilisimama mara nyingi kupasha vidole kwenye injini, na kila nilipovua soksi nilimwona Milembe kageukia ukuta, nikavaa soksi hata kabla vidole havijapata moto.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe, kwa sababu huko ndiko kwenye kisa.

Mimi ni Mzaramo ingawa sijaiona pwani. Babu yangu alikuja na msafara, akaumia mguu hapa Tabora, msafara ukaendelea kwenda Ujiji na yeye akabaki, akaoa, akasahau kurudi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku hizo za misafara. Zamani, kabla ya kuoa, nilikuwa nikienda Bukene kutengeneza baiskeli za watu, na kulikuwa na mama mmoja muuza karanga ambaye akiniona tu anaanza: Mzaramo mvivu, Mzaramo ngoma ikilia jembe analitupa. Nami nilimjibu. Tulitukanana kwa raha zote, watu wakicheka, na nikiondoka ananitilia karanga mfukoni kwa nguvu na kudai nimemwibia.

Mama huyo alikuwa na binti, jina lake Milembe.

Siku posa yangu ilipopokelewa, ukwe ukaumeza utani. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na neno la mmoja kumfikia mwenzake hupitia kwa mtu wa tatu. Nikitokea njia hii, yeye anaingia porini mpaka nipite. Huu ni mwaka wa pili namjua mama mkwe wangu kwa mgongo. Nilipata mke nikapoteza mtani, na wala hakuna mtu wa kunipa pole kwa msiba wa namna hiyo.

Jana nilipoingia uani kwao alikuwa anamenya karanga. Aliisikia pikipiki mapema, kwa hiyo niliukuta mgongo ukinisubiri. Baba mkwe akanipokea, tukasalimiana, akanipa kigoda. Tulikuwa watu watatu katika ua ule mdogo, kila mmoja akisikia kila neno, na mazungumzo yalikwenda hivi:

"Baba, naomba umwambie mama kwamba Milembe anamhitaji."

"Mama Milembe, mkwe anasema Milembe anakuhitaji."

"Muulize mkwe, uchungu umeanza?"

"Mkwe, uchungu umeanza?"

"Bado, baba. Lakini mkunga anasema kichwa kiko ubavuni."

"Kiko ubavuni, anasema."

Karanga zikaacha kulia kwenye ungo. Baba mkwe alinitazama, akautazama mgongo wa mkewe, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kupeleka wala la kuleta. Kisha mama akasema, taratibu, "Mwambie tutaondoka alfajiri."

"Kwa kitu gani?" baba mkwe akauliza. Hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Mama akainyooshea pikipiki kidevu.

Usiku haukuwa na usingizi. Kwa taa ile ya pambo nisingeweza kuondoka gizani na mtu nyuma, hilo nalijua, lakini kujua hakumlazi mtu. Niligaragara mpaka majogoo.

Asubuhi, ubishi wa kwanza ukawa koti. Nilitaka alivae yeye. Yeye alikuwa na khanga mbili na blanketi moja jembamba, na upepo ulikuwa umeshaanza kuimba kwenye majani ya paa. Lakini mama mkwe atavaaje nguo ya mkwe wake? Alikataa kwa kichwa tu, mgongo umenielekea. Nikaliweka juu ya kinu, nikarudi nyuma. Hakulitazama. Muda unapita, mimi nakanyaga kanyaga chini kama mbuzi aliyefungwa, nusura nilie.

Baba mkwe akaja akalichukua koti, akalivaa. Ni mfupi, likamfika miguuni. Akatembea nalo uani, akaenda mpaka zizini, akarudi, akakohoa. Kisha akalivua. "Hili sasa ni koti langu," akasema, "na mimi namwazima mke wangu."

Mama akalivaa. Akalivaa kinyumenyume, bila kuambiwa, na mumewe akamfunga vifungo.

Ubishi wa pili ukawa namna ya kukaa. Kati yangu na yeye likawekwa gunia la karanga, zawadi ya Milembe, ili miili isigusane. Yeye nyuma ya gunia, kwenye keria niliyoitandikia ngozi ya mbuzi, mikono imeshika vyuma vya keria. Mimi nikabaki na Gavana wangu kifuani na gunia tupu nililolitoboa shingo na mikono nikalivaa juu ya shati. Yeye akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikasema Bismillahi. Tukaondoka.

Mungu wangu, baridi ile.

Jana sikio la kulia, leo la kushoto. Gunia la katani linapitisha upepo kama chekeche. Tulipoanza kuuacha mji nilikuwa tayari nagonga meno, na mbaya zaidi sikumsikia abiria wangu. Hakukohoa, hakuguna. Nilikuwa nikipunguza mwendo kusikiliza kama bado yupo.

Mbele kidogo barabara inashuka kwenye mchanga wa mto mkavu. Gurudumu la mbele likayumba, nikaweka miguu chini, pikipiki ikalala ubavu mmoja na gunia la karanga likaning'inia. Nikageuka, haya au si haya. Mama alikuwa amesimama mchangani, hakuanguka, ila mikono yake imebaki imekunjika vilevile ilivyokuwa imeshika chuma. Vidole havikufunguka. Alivitazama kama vya mtu mwingine.

Nikainyanyua pikipiki, nikaielekeza kwenye jua. Nilisogea upande mmoja nikaweka mikono karibu na injini, na baada ya kitambo yeye akaja upande wa pili akaweka yake. Tukawa hivyo, injini katikati, kila mmoja akitazama porini. Alikuwa anatetemeka, namuona kwa pembe ya jicho. Niliwaza: nitamfikishia Milembe mama yake au nitamwangusha njiani? Na akianguka huyu, nani atamwambia Milembe aende?

Nikaiambia pikipiki. "Ewe chombo, mwambie mama kwamba vidole haviwezi kushika chuma kwa baridi hii. Mwambie akikaa mbali nami upepo unapita katikati na sote tunakufa. Mwambie sina adabu, lakini Milembe anasubiri."

Ndege fulani akalia. Kisha naye akaiambia pikipiki, "Muulize huyu mtu. Babu yake alikuwa kabila gani?"

"Mzaramo," nikasema.

"Alikuja hapa kufanya nini?"

"Kubeba mizigo ya watu."

"Mzaramo? Abebe mzigo?" Akageuka. Akanitazama usoni, uso wake wote, macho yamejaa machozi ya upepo. "Mwongo mkubwa we! Alikuja kulala kwenye vivuli vya Wanyamwezi na kula viazi vyao. Mvivu, mtoto wa mvivu, mjukuu wa mvivu. Panda hiyo takataka yako twende. Mkwe nimemwacha Bukene. Mimi leo nasafiri na mtani."

Akalichukua gunia la karanga akalifunga nyuma kwenye keria, yeye akaja kukaa pale lilipokuwa. Akanipitishia mikono kiunoni, chini ya gunia langu, akaikunja juu ya tumbo la Gavana. Nilikakamaa kama gogo. Kisha nikahisi joto mgongoni, joto la mtu, na upepo kwa nyuma ukakatika.

Tukaondoka. Akaanza.

Sikumbuki matusi yote. Alinitukana kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi, alianza na pua yangu akaenda kwa ukoo, alisema Wazaramo walipewa akili wakati wamelala na hawajaamka kuzichukua. Mimi nikawa kimya. Nitamjibuje mama wa mke wangu? Ulimi ulikataa kabisa.

Akanifinya.

"Jibu!" akapiga kelele sikioni, upepo ukiyachukua nusu ya maneno. "Mtani hujibu. Asiyejibu ni mkwe, na kama wewe ni mkwe basi mikono hii inafanya nini hapa? Unataka nidhalilike? Jibu, Mzaramo!"

Hapo nikaelewa. Heshima yake yote ilikuwa mdomoni mwangu. Nisipomtukana nimemwaibisha.

"Wewe Mnyamwezi," nikaanza. "Wewe... mzigo mzito kuliko pembe za ndovu! Bibi zako walibebeshwa sana mpaka wakazaa watoto wenye mabega mapana na vichwa vidogo!"

Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Kicheko kilimtoka tumboni na nikakisikia mgongoni mwangu kabla ya kukisikia masikioni. "Bado," akasema. "Hilo lilikuwa la kitoto. Ongeza."

Nikaongeza. Wallahi nikaongeza. Tulipita vijiji tukitukanana kwa sauti ya juu kushinda injini, watu wakitoka mlangoni kutazama, wazee wakishika vichwa. Kuna mama mmoja alidondosha kuni. Na baridi ilikuwepo, sisemi uongo, magoti yangu yalikuwa yamekufa, lakini ilikuwa baridi ya watu wawili.

Kisha katikati ya matusi, bila kubadilisha sauti, akasema jambo lingine.

"Mzaramo, sikiliza, na usigeuke. Yule binti yangu mkubwa hakuuawa na hospitali. Tulikaa naye nyumbani. Mimi nilisema subirini, atajifungua, wanawake wote wanajifungua. Mpaka nilipokubali abebwe alikuwa amekwisha. Alifika pale kuagana tu. Milembe alikuwa mdogo, akasikia amefia hospitali, nami nikamwacha aamini hivyo. Ilikuwa rahisi kwangu."

Sikugeuka.

"Haya endesha," akasema. "Endesha, mvivu we. Tunachelewa."

Nikaongeza mwendo. Sikujali mchanga tena wala debe lililoanza kulegea upande wa kushoto. Upepo ulinipiga kifuani, gazeti likachanika na kuanza kutoka shingoni vipande vipande, Gavana akapeperuka na kubaki porini huko. Mikono ya mama ilikuwa pale alipokuwa Gavana. Ikatosha.

Tulipoingia Ipuli jua lilikuwa juu. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, na kwa uso wake nikajua uchungu umeanza. Milembe alikuwa ndani ameshika nguzo. Akageuka, akamwona mama yake kwenye koti la mjomba wangu, kinyumenyume, vumbi mpaka kope, mikono yake bado imenishika kiuno kwa sababu vidole vilikuwa vimegoma tena na nilikuwa namwongoza kuingia. Milembe aliangalia ile mikono. Katikati ya uchungu, akafungua mdomo kwa mshangao.

"Nyamaza," mama yake akasema. "Huyu ni mtani wangu, nilimpata njiani."

Kisha akamkumbatia, akamsemesha Kinyamwezi, chini chini, kwa muda. Mimi nakielewa kidogo, lakini nilitoka nje, si maneno yangu yale. Nilisikia Milembe analia, kilio cha aina nyingine, siyo cha uchungu. Halafu nikasikia, "Nitakwenda."

Jirani mwenye gari la mizigo akatubeba. Ndiyo tukafika hapa.

Sasa ni kusubiri, na kusubiri sikuwezi. Pikipiki angalau ina mbele. Hapa nakwenda mpaka ukutani na kurudi. Nafikiri mambo yasiyofaa. Nafikiri kwamba mtani kazi yake si kutukana tu. Kwenye msiba mtani ndiye anayechimba kaburi, mtani ndiye anayewachekesha wafiwa. Mama akitoka mlango ule, atatoka kama nani? Akinikwepa na kunipa mgongo nitajua kila kitu kiko sawa, adabu imerudi. Au ndiyo nitajua hakiko sawa? Na akinitazama usoni je? Sijui niombe lipi. Nimeomba yote mawili.

Vidole vimeanza kurudi. Vinauma.

*

Naandika haraka.

Mlango ulifunguliwa. Mama akatoka, bado na koti. Akasimama, akaangaza uani, akaita kwa sauti kubwa: "Baba Kulwa!"

Nikageuka nyuma kuona anayeitwa. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja anayeota jua, naye akanitazama mimi.

"Baba Kulwa! Mzaramo kiziwi! Nakuita!"

Kulwa. Kwa Wanyamwezi hilo si jina la kuchagua. Mtoto haitwi Kulwa mpaka awe na pacha wa kumfuata, na huyo ndiye Doto. Nikasimama, nikakaa. Wawili. Tumbo lile ambalo majirani walikuwa wakilisalimia. Kichwa kile cha ubavuni Bi Zuhura alichokipapasa hakikuwa cha huyu aliyetangulia.

"Milembe?" nikauliza.

"Yupo. Anatukana kuliko mimi."

"Na Doto?"

Hapo uso wake ulibadilika kidogo, nikauona, kwa kuwa leo naruhusiwa kuuona. "Doto ndiye aliyelala mkingamo. Kulwa katangulia, msichana, Mnyamwezi, kajitwika akaja. Doto ni Mzaramo. Kalala. Daktari anamgeuza sasa hivi." Akanishika bega akalibana, akarudi ndani mbio, koti linaburuta.

Nikasimama mlangoni. Nesi akaniambia nirudi kwenye benchi. Sikurudi. Nilimsikia mama ndani akipiga kelele, na haikuwa kwa Milembe wala kwa daktari: "Amka we! Mvivu we! Unasubiri upigiwe ngoma?" Akaanza tena. Alimtukana mjukuu wake asiyezaliwa kwa matusi yaleyale aliyonipigia njia nzima, na sauti ilikuwa inakatika katikati, nikajua analia. Mimi nami nikaanza, pale mlangoni, chini chini, kumtukana mwanangu. Amka, Mzaramo. Amka, mvivu we. Amka.

Kisha kukawa na kilio. Kidogo, kikali, cha mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Doto amefika.

Mvulana. Milembe kachoka lakini anaongea, nimeruhusiwa kumwona kwa dakika, kanikamata kidole kimoja kilichopasuka kwa baridi na hakukiachia mpaka nesi aliponitoa. Mama mkwe alikuwa pembeni na mapacha wawili mapajani, amewafungia ndani ya koti la Burma, wote watatu wamezibwa upepo usiwapate. Aliniona mlangoni. Akafungua mdomo.

Kesho tutarudi kwenye adabu. Atapita porini nikitokea, nami nitautazama mgongo wake mpaka tuzeeke. Leo acha nitukanwe.